Farouk: Mfalme aliyekusanya saa, wakati ukamponyoka

JULAI 26, 1952, Mfalme Farouk wa Misri alipewa saa chache tu za kuamua hatima yake. Maofisa wa jeshi waliotwaa madaraka siku tatu kabla walimtaka atie saini hati ya kukiacha kiti kabla ya saa 6:00 mchana, na awe ameondoka nchini kabla ya saa 12:00 jioni ya siku hiyo hiyo.

Ajabu ya tukio hilo ni kuwa mtu aliyewekewa muda huo alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wakubwa wa saa katika zama zake. Katika makasri yake zilikuwamo saa za dhahabu, za mfukoni na za mkononi, kazi ya mafundi bingwa wa Uswisi.

Farouk alizaliwa Februari 11, 1920 jijini Cairo, mtoto wa Mfalme Fuad I, wa ukoo wa Muhammad Ali ulioitawala Misri tangu mwaka 1805. Fuad aliamini kuwa herufi F ina baraka, hivyo akawapa wanawe majina yanayoanza na herufi hiyo, na Farouk naye akafanya hivyo kwa binti zake Ferial, Fawzia na Fadia.

Mapenzi ya saa nayo yalikuwa ya urithi. Mwaka 1929, Waswisi waishio Misri walimtunukia Fuad saa ya mfukoni iliyotengenezwa na kampuni ya Vacheron Constantin ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1755. Baadaye kampuni hiyo hiyo ilimtengenezea Farouk saa yenye mitambo mingi zaidi, kazi iliyochukua miaka kadhaa kukamilika.

Baba yake alifariki Aprili 28, 1936, naye Farouk akiwa masomoni Uingereza, kijana wa miaka 16. Baraza la kusimamia kiti lilishika hatamu hadi Julai 1937, alipotimiza miaka 18. Umri huo ulihesabiwa kwa kalenda ya Kiislamu, ambayo mwaka wake ni mfupi, na hivyo akakabidhiwa madaraka miezi kadhaa mapema.

Wananchi walimpokea kwa shangwe. Alikuwa kijana mtanashati, aliyeonekana misikitini siku za Ijumaa, na alizungumza Kiarabu kwa ufasaha kuliko baba yake. Wengi walitumaini kuwa huyo ndiye atakayewaondolea Waingereza.

Matumaini hayo yalipata pigo usiku wa Februari 4, 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Balozi wa Uingereza, Sir Miles Lampson, aliizingira Kasri ya Abdeen kwa vifaru na kumtaka mfalme ateue serikali ya chama cha Wafd au aachie kiti. Farouk alikubali kuteua.

Tangu hapo, mfalme aliyenyimwa sauti katika mambo ya nchi yake alizidi kujizamisha katika starehe, kamari na ukusanyaji wa vitu adimu. Alinunua sarafu, stempu, vito na saa bila kuuliza bei. Sifa hiyo ilizaa visa vya kila aina, maarufu zaidi kikiwa kile kinachodai kuwa aliichomoa saa ya Winston Churchill mfukoni wakiwa mezani.

Miongoni mwa saa zake za mkononi ilikuwamo Patek Philippe ya namba 1518. Aina hiyo ilitoka mwaka 1941, ikiwa saa ya kwanza ya mkononi kutengenezwa kwa mfululizo ikiunganisha kipima muda na kalenda ya kudumu. Hujua yenyewe mwezi wenye siku 30 na wenye siku 31, na hata Februari ya mwaka mrefu. Zilitengenezwa 281 tu. Ya Farouk ilichorwa mgongoni taji la Misri na ile herufi F.

Lakini nje ya makasri, mambo yalikuwa mengine. Mamilioni ya wakulima hawakuwa na ardhi, huku ukoo wa kifalme na matajiri wachache wakimiliki mashamba makubwa. Mwaka 1948 jeshi lilishindwa vitani Palestina, na mwaka 1950 magazeti ya Cairo yakafichua kashfa ya silaha mbovu, ambamo watu wa karibu na mfalme walitajwa.

Januari 26, 1952, katikati ya jiji la Cairo iliteketea kwa moto wa ghasia. Julai 23, Maofisa Huru, kundi lililoundwa na Gamal Abdel Nasser na kuongozwa hadharani na Jenerali Muhammad Naguib, wakaipindua serikali.

Farouk alitia saini katika Kasri ya Ras el-Tin, mjini Alexandria, mkono ukimtetemeka. Jioni, merikebu ya Mahroussa ilimchukua kwenda Italia kwa heshima ya mizinga 21. Naguib, aliyekuja kumuaga, alichelewa na ikabidi amfuate kwa boti.

Miezi miwili baadaye serikali mpya iliweka kikomo cha umiliki wa ardhi kuwa fedani 200 kwa mtu mmoja. Juni 18, 1953, Misri ikawa jamhuri. Mwaka 1954, hazina ya mfalme ilipigwa mnada katika Kasri ya Koubbeh chini ya kampuni ya Sotheby's ya London, na wanunuzi kutoka nchi mbalimbali wakagawana mali ambayo Wamisri wengi hawakuwahi hata kuiona.

Farouk hakurudi tena akiwa hai. Alifariki Machi 18, 1965, akiwa na miaka 45, baada ya kuanguka mezani katika mgahawa mmoja jijini Roma. Mabaki yake sasa yamelala katika Msikiti wa Rifai, Cairo, karibu na baba yake.

Waswahili husema wakati ni ukuta. Farouk alikuwa na kila chombo cha kuupima, ila wakati wa watu wake hakuusoma.

Ile Patek Philippe ilijitokeza tena Machi 2021 katika mnada wa kampuni ya Christie's huko Dubai, ikauzwa kwa zaidi ya dola 900,000 za Marekani. Herufi F ingali mgongoni mwake.