Bwana Plimsoll na Mstari wa Uhai

Meli za shehena zifungazo gati Kilindini zina alama ubavuni: duara lililokatwa na mstari. Maji yakiufika mstari huo, shehena basi. Wengi wetu tumeiona, lakini nadhani ni wachache wamjuao aliyeipigania. Ni Mwingereza, Samuel Plimsoll, aliyezaliwa Bristol mwaka 1824.

Alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe London. Biashara ilipoanguka alikaa na mafukara, akayajua maisha yao. Baadaye alipata mali, na mwaka 1868 akachaguliwa Mbunge wa Derby.

Zama hizo baadhi ya matajiri walizijaza meli kuukuu shehena kupita kiasi, wakazikatia bima kubwa. Meli ikizama, tajiri hulipwa. Mjane wa baharia hubaki na mayatima. Na baharia aliyekwisha tia sahihi mkataba, akikataa kupanda chombo kibovu, alitiwa gerezani.

Mwaka 1873 Plimsoll alitoa kitabu kuifichua dhuluma hiyo. Mwaka 1875, Serikali ilipouweka kando mswada wa usalama wa meli, alighadhibika Bungeni hata akawatukana wenziwe. Aliomba radhi kwa matusi, si kwa madai yake. Wananchi walimuunga mkono, na mwaka 1876 sheria ikaulazimisha mstari. Lakini ilimwachia tajiri auchore apendapo! Mpaka mwaka 1890 ndipo sheria ilipopaweka pahali pake.

Plimsoll alifariki mwaka 1898. Nami naona funzo lake ni hili: sheria ya kumlinda mfanyakazi, ikimwachia tajiri kipimo, haijamlinda.