Karl von Frisch: Profesa Aliyeokolewa na Ugonjwa wa Nyuki

Mimi ni mtu wa mitambo. Biolojia niliiacha kidato cha nne na wala sikuililia. Lakini kila nikikwama kwenye tasnifu yangu namkumbuka mtafiti mmoja wa nyuki, Karl von Frisch.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1886. Alianza kusomea udaktari wa tiba, akauacha, akahamia elimu ya wanyama na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1910. Siku hizo bingwa wa macho alikuwa Profesa Carl von Hess, na Hess alishatangaza kwamba samaki na nyuki hawaoni rangi. Kijana akabisha. Aliwazoesha nyuki kupata maji ya sukari juu ya karatasi ya buluu iliyowekwa kati ya karatasi za kijivu, nyingine zimekolea, nyingine zimefifia. Kisha akaondoa sukari na kuzihamisha karatasi. Nyuki wakaifuata buluu. Kama wangekuwa wanaona weusi na weupe tu, wangeichanganya na kijivu mojawapo. Jaribio la bei ya chai, lakini jaribu kulibomoa! Mwaka 1914 alilionyesha mbele ya wanazuoni akiwa na miaka 27. Hess hakukubali hata kidogo. Wale mnaomwogopa profesa wenu, mpo?

Mwaka 1925 alikuwa profesa Munich. Halafu Wanazi wakashika serikali mwaka 1933, na kila mtumishi akatakiwa kuonyesha ukoo wake. Kumbe upande wa mama alikuwa na bibi wa asili ya Kiyahudi. Tena kulikuwa na watu chuoni waliomchongea kwamba anawakumbatia Wayahudi kwenye maabara yake. Januari 1941 barua ya wizara ikafika: astaafu kwa lazima.

Kilichomwokoa ni nosema. Hiki ni kimelea kidogo mno kinachoishi kwenye utumbo wa nyuki. Hutoka na kinyesi, nyuki wanaosafisha mzinga wanakimeza, na mzunguko unaanza upya. Kukitambua, unaponda tumbo la nyuki kwenye maji na kuangalia kwa hadubini. Nyuki mgonjwa hafiki umri wake, na kundi linadhoofu wakati uleule miti ya matunda inapochanua. Miaka hiyo ya vita nosema iliteketeza makundi mengi sana Ujerumani, na nchi ilihitaji chakula. Marafiki wakamtetea kwamba huyu ndiye mtu wa kazi hiyo. Julai 1942 kufukuzwa kwake kukaahirishwa mpaka vita viishe.

Hapo ndipo napata shida naye. Alifanya kazi kwa faida ya serikali ileile iliyokuwa inawaua watu wenye damu kama ya bibi yake. Simhukumu, maana sijawahi kupokea barua ya namna ile. Lakini shujaa pia simwiti. Nosema yenyewe hakuimaliza. Fumagilini, dawa dhidi yake, ilikuja kutumika miaka ya 1950.

Ila alipata muda. Akiwa Brunnwinkl, nyumbani kwao kando ya ziwa huko Austria, alirudia kazi yake ya zamani juu ya ngoma ya nyuki. Miaka ya 1920 alikuwa amesema ngoma ya mduara inatangaza mbochi, na ile ya kutikisa mkia inatangaza chavua. Mwaka 1944 chakula kikawekwa mbali zaidi, na wabeba sukari nao wakatikisa mkia. Alikuwa amekosea miaka ishirini, na akasema hivyo mwenyewe. Ngoma ilikuwa inaeleza umbali na upande: nyuki akipanda wima ndani ya mzinga wenye giza, maana yake fuata jua, akiinama pembeni, geuka kwa pembe hiyohiyo.

Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz, aliyejiunga na chama cha Nazi mwaka 1938, na Niko Tinbergen, Mholanzi ambaye Wanazi walimfunga kambini. Von Frisch alifariki Munich tarehe 12 Juni 1982, akiwa na miaka 95.