Zora Neale Hurston: Alijipunguzia miaka 10 ili arudi shule

Una miaka 26, huna cheti cha sekondari, na hela ya ada huna. Ungefanyaje? Zora Neale Hurston aliamua kudanganya umri.

Alizaliwa Januari 1891 Notasulga, jimbo la Alabama, Marekani, akakulia Eatonville, Florida, mji uliokuwa ukiongozwa na watu weusi wenyewe. Mama yake alifariki 1904. Masomo yakayumba, akaishia kwenye kazi za ndani na vibarua.

Mwaka 1917 akiwa Baltimore, alisema kazaliwa 1901. Kwa umri huo kusoma ilikuwa bure. Akaingia darasani.

Baadaye alipita Chuo Kikuu cha Howard, na 1925 akapata nafasi chuo cha Barnard, New York, akiwa mwanafunzi mweusi pekee. Hapo akakutana na Franz Boas, profesa mkubwa wa anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na tamaduni zao.

Enzi hizo wapo wasomi waliodai kichwa cha mtu mweusi kinaonyesha ana akili ndogo. Boas alipinga, lakini alihitaji ushahidi. Basi Zora akaingia mitaani Harlem na kifaa, anasimamisha wapita njia na kuwapima vichwa.

Mwaka 1927, kabla hajahitimu, alirudi Florida kukusanya hadithi na nyimbo za watu wake. Akatoka karibu mikono mitupu. Kisa? Aliongea kama msomi wa Barnard, watu wakabana midomo.

Akarudi tena, na akahitimu 1928. Safari hii, kwenye kambi ya wakata mbao, alijifanya muuza pombe haramu anayekimbia polisi. Akaimba nao, akacheka nao, hadithi zikamiminika. Ndizo zilizozaa kitabu chake cha Mules and Men, 1935.

Ila sifa hazikuleta hela. Mswada wake kuhusu Cudjo Lewis, mzee aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani, ulikataliwa, ulichapishwa 2018. Mwaka 1950 alikuwa tena mfanyakazi wa ndani, Miami.

Alifariki 28 Januari 1960, Fort Pierce. Watu walichanga ndipo akazikwa, na kaburi likakaa bila jina hadi mwandishi Alice Walker alipolitafuta 1973 na kuliwekea jiwe.

Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa pale? 1901.