Carl Linnaeus, mtoto wa mchungaji aliyeipa mimea majina mawili

Msikilizaji, siku bwana shamba akikufungulia kitabu chake cha mazao, tazama maandishi madogo yaliyo pembeni. Kwenye mahindi utakuta Zea mays, kwenye maharage Phaseolus vulgaris, kwenye kahawa ya arabika Coffea arabica. Mara nyingi baada ya jina hufuata herufi moja peke yake, L. Herufi hiyo ni mtu. Katika kipindi chetu cha mazingira tulimtaja kwa dakika mbili tu kwa sababu ya muda, hivyo tumeona tumweleze hapa kwa kirefu, hasa safari zake mbili za kutafuta maua ya milimani na okidi za porini.

Carl Linnaeus alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, kusini mwa Sweden. Kule mwezi Mei ni majira ya kuchipua: theluji imeyeyuka, na mimea iliyolala miezi mingi huchanua karibu yote kwa pamoja. Baba yake, Nils, alikuwa mchungaji wa kanisa aliyependa bustani kuliko kawaida. Hata jina la ukoo alilichukua kwenye mti mkubwa uliokuwa jirani na kwao. Mtoto alikua akiuliza majina ya maua, na baba akichoka kumtajia yaleyale kila siku.

Wazazi walitaka awe mchungaji. Alipelekwa shule mjini Växjö, lakini walimu wakamwambia baba kwamba kijana huyu hana kichwa cha masomo ya dini, afadhali afundishwe kazi ya mikono. Wazazi wengi wanalijua jambo hilo: ada umelipa kwa shida, halafu unaambiwa mtoto hafai. Aliyemwokoa ni daktari mmoja wa mji huo, Johan Rothman, ambaye pia alikuwa mwalimu. Alimwambia baba kwamba mtoto anaweza kuwa tabibu, akakubali kumfundisha. Siku hizo dawa nyingi zilitoka kwenye mimea, kwa hiyo tabibu alilazimika kuijua.

Alipofika chuo kikuu cha Uppsala mwaka 1728 alikuwa maskini kiasi cha kuziba viatu vyake kwa karatasi. Mzee mmoja msomi, Olof Celsius, alimkuta bustanini akichunguza maua, wakazungumza, akashangaa maarifa ya kijana yule, akampa chumba nyumbani kwake na chakula.

Mwezi Mei 1732, akiwa na miaka 25 hivi, alipewa fedha kidogo na chama cha wanasayansi cha Uppsala aende Lapland, kaskazini kabisa, nchi ya Wasami. Aliondoka peke yake, juu ya farasi. Mwezi Juni alikwama kwenye mabwawa ya Lycksele, maji ya baridi kali yakimfika kiunoni, chakula kimekwisha. Mama mmoja Msami alimkuta katika hali ile, akamhurumia, na Linnaeus akapata kwake jibini la kununua. Kwenye mabwawa yaleyale aliona kichaka kifupi chenye maua ya waridi, mizizi ikiwa majini. Akakiita Andromeda, jina la binti mfalme wa hadithi za Wagiriki aliyefungwa kwa minyororo mwambani baharini.

Mwezi Julai alipanda milima mirefu hadi upande wa Norway, akiongozwa na Wasami. Huko juu miti ilikoma, na yeye aliyedhani anaijua mimea ya nchi yake akajikuta kama mgeni. Mimea ya milimani ni mifupi sana na imelala juu ya ardhi, kwa sababu upepo ni mkali na joto linapatikana chini, karibu na udongo na mawe. Msimu wa kukua ni wiki chache tu. Mmea usipochanua upesi, theluji inarudi kabla haujatoa mbegu. Alirudi mwezi Oktoba na mimea karibu mia moja ambayo wasomi walikuwa hawajaiandika. Wasami waliijua, bila shaka. Walimfundisha ipi inaliwa, ipi ni dawa, ipi inagandisha maziwa, na mengi ya hayo aliyaandika.

Miaka mitatu baadaye alikwenda Uholanzi kuchukua udaktari. Huko alichapisha kitabu chembamba cha kurasa kumi na kidogo, Systema Naturae, akipanga viumbe vyote kwa makundi. Mimea aliipanga kwa kuhesabu sehemu za kiume na za kike ndani ya ua, na baadhi ya wasomi wakasema huo ni uchafu usiofaa vijana. Kwa wasikilizaji wa Kagera na Rungwe niongeze hili: akiwa Uholanzi alifanikiwa kuufanya mgomba uchanue ndani ya nyumba ya vioo, jambo lililokuwa adimu sana Ulaya. Aliwaza kwamba huenda ndizi ndiyo tunda la bustani ya Edeni, na jina Musa paradisiaca limebaki hadi leo.

Safari ninayoipenda zaidi ni ile ya mwaka 1741. Alikuwa amerudi Sweden, ameoa, na ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa profesa wa Uppsala. Bunge lilimtuma kwenye visiwa vya Öland na Gotland atafute mimea ya rangi za nguo, mimea ya dawa na udongo wa kutengenezea vyombo, ili nchi iache kununua vitu hivyo nje. Alichukua vijana sita. Walifika Öland mwanzoni mwa Juni, na wenyeji wakawatilia shaka. Vita na Urusi ilikuwa inakaribia, na hawa watu walikuwa wanapita mashambani wakiuliza maswali na kuandika kila kitu. Wakadhaniwa wapelelezi.

Kusini mwa Öland kuna uwanda mkubwa wa mawe ya chokaa, udongo wake mwembamba kama mkeka. Hapo mimea yenye asili ya milima ya baridi imebaki tangu zama za barafu, pamoja na okidi nyingi za porini zinazochanua Mei na Juni: za zambarau, za manjano, na moja ya ajabu kuliko zote. Maua yake madogo ya kahawia yanafanana na nzi waliotua kwenye bua. Linnaeus aliandika jinsi mtu asiyejua angeweza kudhani ni nzi wa kweli, na baadaye akaiita Ophrys insectifera. Sababu ya mfanano huo hakuijua. Ni wataalamu wa karne ya 20 walioonyesha kwamba ua hilo hutoa harufu ya nyigu jike. Nyigu dume huja akidhani amepata mwenzi, na akiondoka amebeba chavua kwenda ua jingine.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini okidi si wageni kwetu. Uwanda wa Kitulo, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 2005, hujaa okidi wakati wa mvua, na viazi vyake huchimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chikanda, kiasi kwamba aina nyingine zimekuwa adimu. Jina lenyewe la okidi limetoka kwenye Kigiriki, likimaanisha korodani, kwa sababu ya viazi viwili vilivyokaa pamoja chini ya mmea. Nimelazimika kulieleza hewani, mwenzangu studio akashindwa kujizuia kucheka.

Kitabu cha safari ya Öland kilitoka 1745, na kwenye faharasa yake Linnaeus alijaribu kitu kipya. Kabla ya hapo jina la kisomi la mmea lilikuwa maelezo marefu ya Kilatini, wakati mwingine mstari mzima. Yeye akaufupisha: jina la ukoo, kisha jina la aina. Mwaka 1753 alitumia majina hayo mawili kwa mimea yote aliyoijua, aina karibu 6,000, na dunia nzima ikamfuata. Tusiseme aligundua mahindi au maharage. Wakulima wa Amerika walikuwa nayo maelfu ya miaka, na majina yao walikuwa nayo. Alichofanya ni kuwapa watu wa lugha mbalimbali jina moja la kuelewana.

Lakini alipanga na binadamu pia, na hapo lazima tuseme wazi. Katika toleo la 1758 aligawa watu kwa mabara na rangi. Wazungu aliwapa sifa ya akili na sheria. Waafrika akawaandika wavivu na wajanja wasio na utaratibu. Afrika hakuwahi kufika. Mtu aliyepiga magoti kuchunguza ua moja kabla ya kuliandika aliwaandika mamilioni ya watu bila kuwaona, na maandishi hayo yalitumiwa vizazi vingi kuhalalisha dhuluma.

Wanafunzi wake aliwatuma mbali kukusanya mimea, na kadhaa hawakurudi. Christopher Tärnström alifariki njiani kwenda China mwaka 1746 na kuacha mjane na watoto. Mjane alimlaumu Linnaeus, na tangu hapo profesa akatuma wasiooa. Peter Forsskål alikufa kwa malaria Yemen mwaka 1763.

Miaka ya mwisho alipatwa na kiharusi mara mbili, na mtu aliyetoa maelfu ya majina akafika mahali pa kusahau hata lake. Alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa ndani ya kanisa kuu la Uppsala. Mwaka 1784 mjane wake, Sara Elisabeth, aliuza mkusanyiko wote kwa kijana Mwingereza, James Edward Smith. Mimea ile iliyokaushwa iko London hadi leo, na wataalamu wakibishana kuhusu jina la mmea, huenda huko kuutazama ule aliouandika mwenyewe.