Victor Hugo: mwandishi aliyechora kwa masizi na kahawa

Jina la Victor Hugo si geni kwa wengi wa wasomaji wetu. Wanalifahamu kwa hadithi ya yule kibiongo wa Kanisa la Notre-Dame, na zaidi kwa hadithi ya Jean Valjean, maskini aliyetiwa kifungoni kwa kuiba mkate. Leo hatukusudii kuvichambua vitabu hivyo, kwani vimekwisha chambuliwa na wenye elimu kutupita. Tunakusudia kueleza jambo lisilojulikana sana katika visiwa vyetu, nalo ni kwamba mtu huyu, ambaye riziki yake na sifa yake vyote vilitokana na kalamu, alikuwa na kazi ya pili aliyoifanya katika saa zake za mapumziko. Alichora. Michoro yake yakadiriwa kufika 4,000, na iliyo mingi kati ya hiyo imehifadhiwa mpaka leo. Hakuiuza, wala hakujiita mchoraji.

Alizaliwa Besançon, nchini Ufaransa, tarehe 26 Februari, 1802, mtoto wa mwanajeshi aliyepanda hadi cheo cha jenerali katika jeshi la Napoleon. Ujana wake ulikuwa wa mashairi na michezo ya kuigiza. Mwaka 1841 akaingizwa katika Chuo cha Wanazuoni wa Lugha ya Kifaransa, na mwaka 1845 mfalme akampa kiti katika baraza la watukufu. Katikati ya miaka hiyo lilimfika pigo kubwa: Septemba 1843 binti yake Léopoldine alizama katika mto Seine pamoja na mumewe, naye hata mwaka alikuwa hajautimiza katika ndoa. Mwaka 1848, ufalme ulipoanguka, Hugo akachaguliwa mbunge wa jamhuri mpya. Kuchora kwake wakati huo kulikuwa kwa kawaida, kama wachoravyo wasafiri: magofu ya ngome za kando ya mto Rhine, minara, na vikatuni vya kuwachekesha watoto wake. Lau mambo yangebaki hivyo, tusingekuwa na la kuandika.

Tarehe 2 Desemba, 1851, Rais Louis-Napoléon Bonaparte, mpwa wa yule Napoleon wa kwanza, alilivunja bunge kwa nguvu za jeshi na kujitwalia madaraka yote. Hugo alijaribu kuwakusanya watu wapinge, akashindwa, na baada ya siku chache akakimbilia Brussels kwa pasi ya mfanyakazi wa kiwanda cha kupiga chapa. Agosti 1852 akahamia kisiwa cha Jersey. Huko nako akafukuzwa mwaka 1855 kwa kuwatetea wakimbizi wenzake walioikasirisha serikali ya Kiingereza, na mwisho wa Oktoba mwaka huo huo akashuka Guernsey. Hicho ni kisiwa kilicho karibu na pwani ya Ufaransa lakini kilicho chini ya taji la Uingereza, chenye eneo la kilomita za mraba 65 hivi. Kwa maneno mengine, hakifiki hata sehemu ya kumi ya Pemba. Alikaa hapo hadi mwaka 1870. Mwaka 1859 Bonaparte, ambaye sasa alijiita Napoleon wa Tatu, alitangaza msamaha kwa wakimbizi, lakini Hugo aliukataa, akashikilia kwamba hatarudi mpaka uhuru urudi kwanza.

Ni visiwani ndiko mchoro wake ulikokuwa kitu kingine. Mtu aliyetoka katika mji mkuu, aliyezoea baraza na majumba ya maonyesho, alijikuta amezungukwa na maji, mawe na ukungu, na usiku mrefu wa majira ya baridi. Asubuhi aliandika. Baada ya hapo alichukua chochote kilichokuwa mezani akajaribu kuona kitafanya nini juu ya karatasi. Kwa wino ule ule wa kuandikia alimwaga doa, akalisukuma kwa maji, akaikunja karatasi ili doa lijirudie upande wa pili, kisha akalitazama mpaka ngome au uso wa mtu ukajitokeza, naye akaumalizia kwa kalamu. Wino ulipokuwa mwepesi mno aliongeza mashapo ya kahawa. Giza lilipopungua aliongeza masizi na makaa. Alichovya kipande cha lesi katika wino na kukikandamiza juu ya karatasi, na nyuzi zile zikageuka majini ya kutisha. Alikata maumbo ya karatasi, akayalaza juu ya ukurasa na kupaka wino pembezoni mwake, ili mahali pa ngome pabakie peupe katikati ya usiku. Na umbo lile lile aliweza kulitumia tena katika mchoro mwingine. Alipiga chapa kwa ncha za vidole vyake. Kalamu ya unyoya aliitumia kwa upande wa nchani na kwa upande wa manyoya. Na pale alipotaka mwanga, alikwangua karatasi kwa kisu.

Mwenyewe alimwandikia mshairi Baudelaire mwaka 1860 akikiri kwamba anachanganya vitu vya ajabu ilimradi kupata kile akionacho akilini. Baudelaire alikuwa ameisifu michoro hiyo mwaka uliotangulia, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Sisi tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu, tukachonga kalamu ya unyasi na kukoroga wino wa masizi, hatuoni ajabu sana katika habari hizi. Mtoto wa chuo hujua mapema kwamba masizi yakizidi maji huteleza juu ya ubao, na maji yakizidi masizi herufi hufifia. Mabibi zetu wachoraji wa piku na hina wanajua mengi zaidi. Tofauti ni kwamba Hugo hakuogopa kuharibu. Ufundi uliozoeleka humfunza mtu namna ya kuepuka doa. Yeye alilianza doa kwa makusudi na kufuata linakokwenda.

Bahari nayo ilimfunza. Mwaka 1866 alitoa riwaya juu ya wafanyakazi wa baharini, aliyoitunuku kwa kisiwa cha Guernsey na watu wake. Ndani yake mvuvi mmoja anapigana na pweza chini ya mwamba. Msomaji wa Nungwi au wa Mkoani huenda akacheka, maana kwetu pweza ni kitoweo, na mwanamke mwenye mchokoo hampigi vita, humtoa tu pangoni. Lakini Wafaransa walitishika kwelikweli. Hugo alimchora pweza huyo kwa wino, na mikia yake miwili mitatu ikajipinda hata ikafanana na herufi za kwanza za jina lake. Jambo tulipendalo zaidi ni hili: neno alilolitumia kumwita mnyama huyo lilikuwa la wavuvi wa Guernsey, na kwa kitabu hicho likaingia katika Kifaransa cha Paris, ambamo latumika hadi leo. Lahaja ya kisiwa kidogo iliikopesha lugha ya dola kubwa. Sisi ambao lahaja yetu ya Unguja Mjini ilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu miaka ya 1930 twajua uzito wa mkopo wa namna hiyo.

Isidhaniwe kwamba michoro ile ilikuwa ya kujiburudisha tu. Februari 1854, kabla Hugo hajahamia Guernsey, mtu mmoja aitwaye John Tapner alinyongwa huko kwa kosa la kuua. Hugo, aliyepinga adhabu ya kifo maisha yake yote, alikuwa amewaandikia watu wa Guernsey akiomba asamehewe uhai, asisikilizwe. Akachora mtu aliyening'inia kwenye kiunzi, peke yake, katika giza tupu, mwanga mdogo ukimwangukia kutoka juu. Miaka mitano baadaye, tarehe 2 Desemba, 1859, John Brown alinyongwa katika jimbo la Virginia nchini Marekani kwa kujaribu kuwakomboa watumwa kwa silaha. Hugo aliandika kumtetea katika magazeti, asijue kwamba siku hiyo hiyo kamba ilikuwa imekwisha fanya kazi yake. Shemeji yake Paul Chenay, aliyekuwa fundi wa kuchonga mabamba ya kuchapia, akauchukua mchoro ule wa mnyongwa na kuutolea picha ya chapa yenye jina la John Brown. Picha moja ya usiku wa mtu mmoja ikawa karatasi nyingi za mkononi. Wakati huo, tukumbuke, soko la watumwa hapa Unguja lilikuwa wazi, wala halikufungwa hadi mwaka 1873.

Chenay alichonga pia michoro mingine ikatoka katika kitabu mwaka 1862. Hugo alisita, alihofia watu watamdhania anajidai mchoraji. Alikubali kwa sababu mapato yangesaidia chakula cha watoto maskini wa Guernsey, ambao tangu mwaka huo alikuwa akiwakaribisha nyumbani kwake kila wiki, na idadi yao ikaja kufika 40. Mwaka 1868 akajaribu mwenyewe kuchora juu ya bamba la shaba linaloliwa kwa tindikali, akatoa picha ya radi iliyochapishwa mwaka uliofuata katika kitabu cha mashairi na picha. Alikuwa na miaka 66, na bado anajifunza ufundi mpya kama mwanagenzi. Mbao nazo hazikumponyoka. Kwa ajili ya nyumba ya Juliette Drouet, mwanamke aliyekuwa naye kwa miaka 50 nje ya ndoa (hilo hatuliingilii), alichora mbao kwa chuma cha moto na kuzipaka rangi kwa mtindo aliodhani kuwa wa Kichina.

Lakini haitupasi sisi Waafrika kumwandika mtu huyu kwa sifa tupu. Mei 1879, akiwa amerudi Paris na ni mzee anayeheshimiwa na jamhuri nzima, alisimama katika karamu ya kukumbuka kufutwa kwa utumwa, akadai kwamba Afrika haina historia, na akawahimiza watu wa Ulaya waichukue ardhi yake kwa kilimo na biashara. Aliyasema hayo mbele ya watu waliopigania uhuru wa watumwa, tena kwa nia aliyoiona kuwa njema. Ujinga huo hauna udhuru. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika aliyoyaona. Na katika msikiti wa Kizimkazi yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, kwa ufundi ambao mpenda wino na chapa kama Hugo angesimama mbele yake siku nzima. Mkutano wa Berlin juu ya Afrika ulimalizika tarehe 26 Februari, 1885, siku Hugo alipotimiza miaka 83. Mkono uliomchora mnyongwa kwa huruma haukutosha kumwonyesha mwenyewe kamba iliyokuwa ikisokotwa kwa ajili yetu.

Hata hivyo lipo moja ambalo wenzetu wa ofisini wangelichukua kwake. Yule aliyezoea kuwaona makarani, walimu na wauguzi wetu atajua ni wangapi wanaochora, wanaochonga au wanaopiga chapa vitambaa wakisha toka kazini, na jinsi wanavyoambiwa kuwa wanapoteza wakati. Mmoja wao anapofariki, karatasi zake hufungiwa vitumbua au huachiwa mchwa, kwa kuwa hakusajiliwa kuwa msanii na hakuna faili linalomhusu. Idara zinazohusika na nyaraka na makumbusho zikiwa na rafu moja tu kwa ajili ya kazi za watu wa namna hii, na mtu mmoja wa kuzipokea kutoka kwa wafiwa, gharama yake haitaitikisa bajeti ya wizara yoyote.

Hugo hakulingoja hilo. Agosti 1881 aliongeza katika wasia wake kwamba kila kitakachokutwa kimeandikwa au kuchorwa kwa mkono wake kipewe Maktaba ya Taifa ya Paris. Alifariki tarehe 22 Mei, 1885, akazikwa katika Panthéon kwa gharama ya dola, umati mkubwa ukimsindikiza. Michoro ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1888. Mwaka 1903 nyumba aliyowahi kukaa Paris ilifunguliwa kuwa makumbusho, na zile mbao za Juliette zikajengewa chumba chao humo. Nyumba ya Guernsey ilikabidhiwa mji wa Paris na warithi mwaka 1927. Karatasi zenyewe hazitolewi nje mara nyingi: hutolewa kwa miezi michache, chini ya taa hafifu, kisha hurejeshwa gizani, kwa kuwa mwanga huula wino ule.