Frederick Jones, fundi aliyetia baridi ndani ya kamyo

Wale wanaosafiri njia ya Kasumbalesa wamekwisha kuona makamyo marefu yenye sanduku la chuma kwenye paji la uso, juu ya shofere, linalonguruma hata wakati kamyo imesimama. Ndani mule muna samaki, chinchard wa Namibia. Wanatoka baharini, wanapita Zambia nzima, kisha wanangojea kwenye mustari wa mupaka siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Na bado wanafika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wagumu kama jiwe. Ndani ya lile sanduku kuna kompresere na motere yake. Mutu aliyefanya jambo hili liwezekane alikuwa mutoto bila wazazi, mweusi wa Amerika, na masomo yake yaliishia mwaka wa sita wa shule ya musingi.

Frederick McKinley Jones alizaliwa tarehe 17 Mei 1893 katika muji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Mama yake alikuwa mweusi, baba yake muzungu, mufanyakazi wa reli. Mama hakukaa katika maisha yake. Baba aliona hawezi kumulea peke yake, akamupeleka kwa padri mukatoliki ngambo ya muto, upande wa Kentucky. Huko alipata chakula na shule, akalipa kwa kufagia, kukata majani na kusafisha kanisa. Baba akakufa, na Fred alipofika miaka 11 aliondoka kwa padri, akarudi Cincinnati kutafuta kazi.

Aliipata ndani ya garaji. Kazi ya kwanza ilikuwa ufagio. Lakini ufagio unapita chini ya kila gari, na kijana mwenye macho anaona mingi. Kila gari lililofunguliwa aliangalia kila kipande kinafanya nini, kinasukuma nini, kinasukumwa na nini. Kabla ya kufika miaka 16 alikuwa amekwisha kuwa kapita wa mafundi, watu wakubwa kuliko yeye. Hapo ndipo alianza pia kutengeneza magari ya mashindano, na mambo ya mbio ile tutayaona tena mbele.

Mwaka 1912 alihamia Hallock, muji mudogo wa Minnesota karibu na mupaka wa Canada. Ni inchi ya baridi kali: wakati wa theluji mutu anaweza kufa njiani kati ya shamba na duka. Alitumika kwenye shamba kubwa la familia ya Hill, wenye reli, akitengeneza matrakta na mashini zote. Vitabu vya umeme alijisomea mwenyewe usiku. Vita vya kwanza vilipokuja, jeshi lilimupeleka Ufaransa, na kule kazi yake ilikuwa waya: umeme, simu, taa. Kisha akarudi Hallock, kana kwamba hakuna kitu kilichotokea.

Watu wa Hallock walijua kwamba kitu kikivunjika, unamwita Fred. Dokta alikuwa anashindwa kufikia wagonjwa juu ya theluji. Fred akachukua mwili wa ndege ya zamani, akatia propela nyuma na miti ya kuteleza chini, dokta akaenda. Dokta akasema tena kwamba wagonjwa wenye mifupa iliyovunjika hawawezi kubebwa hata kwenye mashini ya radio. Fred akamutengenezea mashini ndogo ya radio ya kubebwa. Hakuiandikisha kwa serikali, na wengine baadaye walipata feza nyingi kwa kitu cha namna ile. Kwa maoni yangu hili ndilo somo lililomuuma zaidi, kwa sababu tangu siku alipoanza kuandikisha, hakuacha tena.

Sinema zilipoanza kusema, mashini za sauti zilikuwa za bei kali. Fred alitengeneza yake, sehemu yake ikiwa vyuma vya shamba, na sauti ikatoka safi. Habari ikafika Minneapolis kwa Joseph Numero, mwenye kuuza vyombo vya sinema, naye akamuchukua kazini mwaka 1930. Brevet yake ya kwanza, ya mwaka 1939, ilikuwa ya mashini ya kutoa tiketi za sinema.

Sasa tufike kwenye kuku. Mwaka 1938 Numero alikuwa anacheza golf na rafiki yake Harry Werner, mwenye makamyo. Werner alikuwa amepoteza muzigo muzima wa kuku. Ile wakati nyama ilibebwa juu ya mabarafu: barafu ikayeyuka njiani, kuku zikaoza. Numero akamwambia, kwa muchezo tu, kwamba yeye atamutengenezea kamyo yenye baridi. Werner hakuichukua kama muchezo. Akanunua kamyo mupya, akaita. Numero alitaka kujitoa, lakini Jones alikuwa amekwisha kuingia ndani ya kamyo na kuipima. Alipotoka alisema inawezekana.

Wengine walikuwa wamejaribu mbele yake, na hapa inafaa tuangalie juu ya nini walishindwa. Kompresere ni moyo wa baridi. Inavuta gazi kutoka upande wa ndani, inaifinya hata inapata moto mukali, inaisukuma kwenye radiatere ya inje. Pale gazi inaacha moto wake hewani na kugeuka maji. Yale maji yanapita pahali padogo sana, presha inaanguka, yanageuka gazi tena, na kwa kugeuka yananyonya moto wa chumba. Frigo ya nyumbani inafanya yote haya ikisimama kimya kwenye kona, na kompresere yake imefungwa ndani ya chungu cha chuma. Kamyo haisimami. Njia inaipiga, bulo zinalegea, tiyo zinapasuka, gazi inatoka. Mashini zilizotengenezwa mbele zilikuwa kubwa, zinakula nafasi ya muzigo, na kisha safari chache zinakuwa vyuma vya kuuza kwa kilo.

Jones alikuwa na elimu ambayo watu wa frigo hawakuwa nayo, ile ya magari ya mbio. Alijua namna ya kufanya chuma kiwe chepesi na bado kivumilie mutikisiko. Mashini yake ya kwanza haikuwa nyepesi hata hivyo, karibu kilo 1000, na aliifunga chini ya kamyo. Ilitoa baridi, lakini udongo na vumbi la njia viliingia. Wachimbaji hawahitaji kuelezwa vumbi linafanya nini kwa mashini. Akapunguza uzito, kisha akaipandisha mbele ya tela, juu kabisa, pale vumbi ni kidogo na hewa ni nyingi. Ndiyo sababu mupaka leo sanduku liko kwenye paji la uso. Akaipa motere yake mwenyewe ya esanse, na akatafuta namna motere ile iwake na kuzimika yenyewe kufuatana na joto la ndani, ili shofere asifikiri juu yake.

Brevet ya mwaka 1942 inaonyesha wazo ambalo mimi naona lapita yote: mashini ya baridi inayotolewa nzima. Kompresere, motere, radiatere na tiyo zote ni kitu kimoja, kinaingia ndani ya tundu la ukuta wa tela na kinatoka. Ikiharibika, haufungui gazi pembeni ya njia. Unatoa yote, unatia nyingine, kamyo inaendelea, na ile mbovu inafunguliwa kwenye meza safi ya atelier.

Wazo lile lingetusaidia hapa kwetu. Vijana wetu wanabadilisha kompresere ya klima ya gari chini ya muembe, na si vibaya, Jones mwenyewe alianza vile. Ubaya ni haraka. Wanachomoa tiyo gazi ikiwa bado ndani, na gazi ile inachoma ngozi kwa baridi na inaweza kuharibu jicho. Kisha wanafunga kompresere ya okazio, klima inapuliza vizuri juma moja, halafu inakufa. Kompresere iliyokufa kwa kusagika imeacha unga wa chuma ndani ya tiyo. Usiposafisha tiyo zile, usipobadilisha chombo cha kukausha gazi, usipovuta hewa na unyevu kwa pompi mbele ya kutia gazi, na usipopima mafuta yanayofaa, ile mupya itakula unga wa ile ya zamani. Feza ya mwezi inaenda bule.

Numero aliuza kazi yake ya sinema na wakafungua kompani iliyokuja kuitwa Thermo King. Vita vya pili vikafika, na mashini za Jones zikalinda damu, dawa na chakula cha waaskari pahali pa joto. Mwaka 1944 alikuwa mweusi wa kwanza kuingia katika shirika la maenjinieri wa baridi wa Amerika. Alipata brevet zaidi ya 60, karibu 40 zikiwa za baridi. Nyingi zilikuwa na jina lake kama mutengenezaji na jina la kompani kama mwenye mali. Kila mutu aliyetumika kwenye kompani kubwa anaelewa tofauti ya majina hayo mawili.

Alioa Lucille mwaka 1946. Saratani ya mapafu ilimuua tarehe 21 Februari 1961 huko Minneapolis, na mwaka ule ule kompani ikauzwa kwa Westinghouse. Mwaka 1991 rais George Bush alitoa medali ya taifa ya teknolojia kwa Jones na Numero. Jones alikuwa mweusi wa kwanza kuipata, na wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wajane wao ndio walikwenda kuipokea.