Roald Dahl: Rubani Aliyewachekesha Watoto

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipotangazwa mwezi Septemba, 1939, karani mmoja wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 23, alivishwa uofisa kwa ghafla, akakabidhiwa platuni ya askari wa K.A.R. na kuamriwa kuwazuia Wajerumani wasitoroke kwa njia ya kusini. Jina lake Roald Dahl, mzaliwa wa Wales, na wazazi wake walikuwa Wanorwei. Uaskari hakuujua. Yeyote kati yetu aliyepata kuwa ofisa mpya atakisia ni nani hasa aliyeiongoza platuni hiyo: bila shaka ni sajini.

Miezi miwili baadaye alikwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Kimo chake kilikuwa kama futi sita na nusu, hata kichwa kikachomoza juu ya kioo cha ndege, upepo ukimpiga usoni. Kwa maelezo yake, katika wanafunzi 16 wa kozi ile, 13 waliuawa angani muda si mrefu.

Yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Tarehe 19 Septemba, 1940, akisafiri kwenda kujiunga na kikosi chake katika jangwa la Misri, alielekezwa mahali pasipo sahihi. Jua likachwa, petroli ikapungua, naye akalazimika kutua mchangani. Ndege ilivunjika na kuwaka moto. Alijikokota nje akiwa na ufa katika fuvu la kichwa, na kwa majuma kadhaa hakuona kitu. Hata hivyo, Aprili, 1941, alikuwa angani tena, akipigana Ugiriki dhidi ya adui aliyewazidi mno kwa idadi. Hatimaye maumivu ya kichwa yalimwondoa katika urubani.

Mwaka 1942 alipelekwa Washington, na huko akaandika habari ya ajali ile. Ndipo kalamu ilipochukua nafasi ya usukani. Vitabu vyake vya watoto vina majitu, wachawi, na watu wazima wakatili wanaoadhibiwa kwa namna ya kuvunja mbavu. Katika kile cha kiwanda cha chokoleti, cha mwaka 1964, yumo mtoto aliyetekwa na televisheni, na wimbo mrefu unaowahimiza wazazi waiondoe na kuweka rafu ya vitabu mahali pake.

Lakini kitabu hicho hicho kina doa ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulifumbia macho. Wafanya kazi wa kiwanda walichorwa kuwa mbilikimo weusi waliotolewa katika misitu ya Afrika na kulipwa kwa maharage ya kakao. Lawama zilipozidi, Dahl aliwabadili katika chapa ya 1973. Alikosea, akasahihisha, yote mawili yaandikwe. Matamshi yake dhidi ya Wayahudi ya mwaka 1983 hakuyasahihisha, na ni jamaa zake walioomba radhi mwaka 2020.

Mwaka 1988 alitoa kitabu cha Matilda, binti mdogo ambaye wazazi wake walidharau vitabu, naye akajiendea peke yake katika maktaba ya mji na kusoma vya watoto vyote, kisha vya wakubwa. Dahl alifariki tarehe 23 Novemba, 1990, akiwa na umri wa miaka 74.